Maswali mnayoniuliza sana kuhusu Wagiriki wa Melbourne na mitaa yao kwingine

Naishi kusini mashariki mwa Melbourne, vituo vichache tu vya treni kutoka Oakleigh, mtaa uliojaa Wagiriki, na kila ndugu anayehamia huku au anayekuja kutembea lazima aulize hawa watu ni akina nani, mbona maduka yameandikwa herufi za ajabu, mbona wazee wamejaa barazani saa nne asubuhi siku ya kazi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi ndefu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mengi ni ya Melbourne maana ndo ninakokujua, ila nimegusa na New York, Toronto, Chicago, na mwishoni kwetu Afrika pia, msidhani hawakufika.

Wako wengi kweli au ni maneno tu?

Wako wengi. Sensa ya Australia ya 2021 ilihesabu zaidi ya watu 420,000 waliosema wana asili ya Kigiriki, na jimbo la Victoria, ambalo Melbourne ndo mji wake mkuu, lina wengi kuliko jimbo lingine lolote. Utasikia watu wanasema Melbourne ni mji wa tatu wa Kigiriki duniani baada ya Athens na Thessaloniki. Hiyo inategemea nani anahesabu na anamhesabu nani, ukiweka na wajukuu ambao Kigiriki chao kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula basi namba inapanda vizuri, ukitaka waliozaliwa Ugiriki tu inashuka sana. Mi sibishani nao, ni sifa yao waache waifurahie.

Walifikaje mbali hivi? Australia na Ugiriki wapi na wapi?

Walikuja kwa mawimbi. Wa kwanza kabisa walikuwa wachache, wanaume wa visiwani, Ithaca, Kythera, Kastellorizo, visiwa vidogo vyenye mawe mengi kuliko udongo, kijana ukikua hapo aidha unakuwa baharia au unaondoka. Mwaka 1897 tayari walishaanzisha jumuiya yao rasmi hapa Melbourne, na ipo mpaka leo. Hao wa mwanzo wengi walifungua migahawa, vibanda vya samaki wa kukaanga na chipsi, maduka ya matunda, na cha kuchekesha ni kwamba hawakuuza chakula chao, walipika nyama na mayai ya Kiingereza maana ndo mteja alichotaka. Ukienda vimji vya bara huko New South Wales na Queensland utaambiwa karibu kila mji ulikuwa na kafe ya Mgiriki, tena nyingi za watu wa Kythera, mmoja anafungua anamwita mdogo wake, mdogo anamwita shemeji, hivyo hivyo.

Wimbi kubwa ni baada ya Vita Kuu ya Pili. Ugiriki ilikuwa imechoka vibaya, Wajerumani waliikalia nchi na njaa ikaua watu wengi sana, halafu walivyoondoka Wagiriki wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1946 hadi 1949. Vijiji vya kaskazini viliharibika. Upande wa pili Australia ilikuwa na viwanda na haina watu wa kutosha, na ilikuwa inataka wazungu tu, sera yao ya wakati ule mnaijua, watu wa rangi yetu hata fomu tusingepewa. Waingereza hawakutosha, ndo wakateremka kwa Waitaliano na Wagiriki. Mwaka 1952 serikali mbili zikasaini mkataba wa kusaidiana nauli na watu wakaanza kumiminika. Kuanzia 1959 kulikuwa na meli inaitwa Patris, hiyo ukimtajia mzee yeyote wa Oakleigh macho yanabadilika. Walishuka Station Pier, Port Melbourne, gati hilo bado lipo, nenda ukalione.

Walipangiwa au walitafuta wenyewe kazi viwandani, magari, nguo, viatu, vyakula vya makopo. Wanawake pia, na sio wote walikuja na waume zao, miaka ya 1950 serikali iliona wanaume wamezidi sana ikaanza kuleta wasichana, wengine wakiwa wameshachumbiwa kwa picha tu, unashuka kwenye meli na picha mkononi unamtafuta mtu ambaye hujawahi kumuona, na wakati mwingine picha ni ya miaka kumi nyuma!

Baadaye wakaongezeka Wagiriki wa Misri, wale wa Alexandria na Cairo walioondoka baada ya Rais Nasser wa Misri kutaifisha mali, na Wagiriki wa Kupro baada ya Uturuki kuingia kijeshi kisiwani 1974. Kuanzia 2010 uchumi wa Ugiriki ulivyoanguka wakaja tena vijana, wengi wao watoto wa watu waliowahi kuishi huku wakarudi kwao, kwa hiyo pasipoti ya Australia ilikuwa kabatini inasubiri.

Mbona kila mtu ananitajia mtaa tofauti? Lonsdale, Richmond, Oakleigh, upi ndo wao?

Wote, kwa nyakati tofauti. Katikati ya jiji, Lonsdale Street, ndo kulikuwa na maduka yao, ofisi za usafiri, wauza kanda za muziki, maduka ya keki na klabu. Walikokuwa wanalala ni Richmond, Prahran, Fitzroy, Brunswick, Northcote, nyumba ndogo za kizamani karibu na viwanda, familia mbili tatu kwenye nyumba moja wanachangia kodi huku wanaweka akiba. Wenyeji walikuwa wanazidharau nyumba hizo. Wagiriki wakazinunua kwa bei ya chee, wakazikarabati, wakamwaga sakafu ya zege mbele ya nyumba, wakapanda ndimu na mzeituni, halafu watoto walipokua wakauza na kuhamia mbele zaidi, Oakleigh, Clayton, Doncaster, Bulleen, kwenye viwanja vikubwa na gereji ya magari mawili. Leo zile nyumba za Richmond bei yake usiulize.

Kwa hiyo mtaa wa Kigiriki unahama. Richmond waliwapisha Wavietinamu. Lonsdale Street yenyewe imebaki na migahawa na maduka ya kuhesabu. Oakleigh ndo moto sasa hivi, hasa ile njia ya watembea kwa miguu inaitwa Eaton Mall.

Chicago wao walihamishwa kwa nguvu, hiyo ni habari nyingine. Mtaa wao wa zamani uliitwa Delta, pembeni ya barabara za Halsted na Harrison, ukavunjwa vipande kwa ajili ya barabara kuu halafu miaka ya 1960 kwa ajili ya chuo kikuu cha Illinois. Kilichobaki kikasogea vitalu vichache kaskazini, kikawa mtaa wa migahawa zaidi kuliko mtaa wa watu kuishi. Ndo maana ukienda Greektown ya Chicago unakula vizuri ila huoni bibi yeyote anamwagilia nyanya.

Sasa kama watu wamehama, nini kinawashika pamoja?

Hili ndo swali ninalolipenda, na jibu langu wengine hawalipendi. Watu wanasema utamaduni, lugha, dini, upendo wa nyumbani. Sawa. Mi naangalia hati za viwanja.

Wagiriki wa hapa tangu mwanzo walinunua majengo. Kabla hata hawajafika elfu chache walishachangishana wakajenga kanisa la Evangelismos, East Melbourne, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Watu wa Ithaca walikuwa na chama chao kufikia 1916. Wakifika sehemu mpya, kitu cha kwanza ni kanisa, na kanisa linakuja na ukumbi, ukumbi unafanya harusi na ubatizo na msiba, kodi ya ukumbi inalipa mwalimu wa shule ya Jumamosi. Jumuiya ile ya 1897 leo inamiliki jengo la ghorofa 15 kwenye kona ya Lonsdale na Russell, limefunguliwa 2014, humo wana madarasa, mihadhara, ofisi, na sehemu nyingine wanapangisha hela inaingia. Wana na shule yao ya kutwa, Alphington Grammar. Hata maduka yakifungwa yote Lonsdale Street, lile ghorofa halihami.

Alafu angalia sisi. Waswahili tupo Melbourne kutoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya, na tunachanga kweli, tena tunachanga kuliko watu wengi, misiba, harusi, kusafirisha mwili. Hela inakwenda kwa mwenye ukumbi. Mwakani tena kwa mwenye ukumbi. Na nimeshakaa kwenye kumbi kadhaa za namna hiyo ambazo mwenye ukumbi ni chama cha kijiji fulani cha Kigiriki ambacho kijijini penyewe sidhani kama wamebaki watu mia.

Kwa hiyo wameungana sana?

Haha. Hapana. Kila kijiji na kisiwa kina chama chake, Wakrete, Wapontos, watu wa Lesbos, wa Lefkada, wa Florina, na ndani ya chama kuna kundi la mwenyekiti na kundi linalotaka kumng'oa mwenyekiti. Ugomvi mkubwa kabisa ulikuwa kati ya jumuiya na askofu mkuu: makanisa yaliyojengwa kwa michango ya watu ni mali ya nani, ya waliochanga au ya dayosisi? Walivutana miaka mingi, kuanzia enzi za kabla ya vita na ikawaka zaidi miaka ya 1960, mpaka ikafika padri wa upande huu hatambuliwi na upande ule na watu wanaulizana ndoa yao kama ni halali. Siku hizi pametulia.

Kafenio ni nini na mwanamke anaruhusiwa kuingia?

Ni mkahawa wa wazee wa kiume. Kahawa inachemshwa kwenye kibirika kidogo chenye mpini mrefu, inakuja na machicha yake chini, wanacheza karata na tavli, mchezo wa kete na dadu, wanasoma Neos Kosmos, gazeti lao la hapa lililoanza 1957, na wanabishana siasa za Athens utadhani kesho wanapiga kura. Hamna sheria inayomkataza mwanamke ila zamani asingeingia, na hata mgeni wa kiume ukiingia wanakuangalia kwanza. Kafenio za kweli zimebaki chache maana wenyewe wanakwisha. Kilichochukua nafasi ni kafe za Eaton Mall ambapo wanakaa wote, mabibi, wajukuu, vijana wamevaa miwani ya jua usiku, na wanakunywa freddo, kahawa baridi yenye povu, glasi moja masaa mawili na hakuna anayekufukuza. Hilo nawapendea.

Nikienda Oakleigh nile nini? Mi ni Mwislamu.

Uliza kabla. Nyama ya gyros (kama shawarma) na souvlaki (mishikaki yao) inaweza kuwa nguruwe, kondoo au kuku, na hata ukiagiza kuku kumbuka jiko ni moja na kisu ni kimoja, na sehemu nyingi hawana cheti cha halali. Ukitaka amani ya moyo nenda kwenye vya baharini, pweza wa kuchoma, ngisi wa kukaanga, samaki mzima na limau, mtu wa pwani hapo hana la kulalamika.

Ujanja mwingine: nenda kipindi cha mfungo wao kabla ya Pasaka. Wanaofunga hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo mikahawa na maduka ya mikate yanajaa vyakula vya maharage, mbaazi za manjano, mboga za majani na mafuta ya zeituni. Pweza na ngisi wanaruhusiwa, samaki mwenye damu ndo hapana isipokuwa siku maalum. Bado uliza kama kuna mvinyo kwenye mchuzi.

Na loukoumades, jamani. Ni kaimati zile zile za Ramadhani, wao wanamwagia asali na mdalasini. Msikubali mtu awaambie ziwekwe chokoleti.

Kwa nini bibi Mgiriki alimtemea mwanangu mate?!

Hakumtemea, alifanya "ftu ftu ftu" hewani. Kamsifia mtoto, akaogopa asije akamtia jicho, akajihami. Wana imani ya husuda ile ile tunayoijua sisi, yale macho ya bluu ya kioo unayoyaona yamening'inia kwenye kioo cha gari na kitoto cha kuzaliwa ni kwa ajili hiyo. Ukiumwa kichwa ghafla baada ya kusifiwa kuna bibi anajua dua, anadondosha mafuta kwenye kikombe cha maji anaangalia yanavyokaa. Kanisa lina dua yake rasmi ya jambo hilo kwa hiyo padri hamshangai sana. Kwa kifupi mshukuru bibi, amempenda mtoto.

Na wakati tupo hapo, usimwite mtu mzima jina tupu. Sema Kyria Maria, Kyrie Yanni, yaani Bi na Bwana. Watoto wao wanawaita marafiki wa wazazi shangazi na mjomba kama kwetu, kwa hiyo mtoto wako akimwamkia vizuri atapewa kitu, hasa malimau. Jirani yangu nyumba ya pili kila msimu ananiletea mfuko mzima wa malimau, nikimwambia yanatosha anachukulia kama tusi.

Wanavunja sahani kweli?

Kidogo sana, zaidi kwa watalii. Ugiriki kwenyewe utawala wa kijeshi uliipiga marufuku 1969 na watu wakahamia kurusha maua. Huku wanarusha tishu za karatasi, unakuta mwanamuziki kafunikwa mpaka kiunoni na kesho yake kuna mtu ana kazi ya kufagia.

Naweza kwenda kanisani kwao Pasaka hata kama sio Orthodoksi?

Nenda. Hakuna atakayekuuliza. Tarehe inaangalie maana Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti, wanakokotoa kwa kalenda ya kale, inaweza kupishana hata wiki tano.

Ijumaa Kuu usiku wanatoa jeneza la maua nje na kulizungusha mtaani, polisi wanafunga barabara, watu wenye mishumaa wanajaa kuliko mechi. Jumamosi usiku ndo kilele, kanisa linazimwa taa zote kabla ya saa sita, giza, halafu padri anatoka na moto mmoja unapokezanwa mshumaa kwa mshumaa mpaka nje barabarani, fataki zinaanza, watu wanasema Christos Anesti na wewe unajibu Alithos Anesti. Kisha kila mtu anajaribu kufika nyumbani na mshumaa haujazimika, utaona magari yanaendeshwa polepole, mama kashika moto ndani ya gari lenye viti vya kitambaa, mi nilishtuka sana mara ya kwanza. Nyumbani kuna supu ya matumbo na maini ya kondoo, na mayai mekundu mnagonganisha, la kwako lisipopasuka una bahati mwaka mzima. Jumapili ni kondoo mzima anachomwa kwenye mti, uani, kuanzia asubuhi.

Angalizo moja tu, komunyo ni ya Waorthodoksi peke yao. Mkate uliobarikiwa unaogawiwa mwisho kwa kawaida anapewa yeyote.

Mpira je? Postecoglou ni wa huko si ndio?

Ndio, na hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 1959 klabu kadhaa zikaungana ikazaliwa South Melbourne Hellas. Kwa wanaume waliokuwa wanashinda kiwandani wanaitwa majina ya dharau, Jumapili pale Middle Park ndo ilikuwa siku ya kuwa mtu. Unaongea lugha yako kwa sauti, unamtukana refa kwa lugha yako, unakula mbegu. Ange Postecoglou, yule kocha, aliletwa Melbourne na wazazi wake akiwa na miaka mitano, watafutaji maisha kama wengine, na baba yake akawa anampeleka pale. Akakulia kwenye klabu hiyo hiyo, akawa nahodha. Na kocha wake alikuwa nani? Ferenc Puskás! Yule yule wa Hungary na Real Madrid. Alikaa South Melbourne kuanzia 1989 hadi 1992, Kiingereza hakujua vizuri ila Kigiriki alikuwa nacho maana alishafundisha Panathinaikos akaifikisha fainali ya Ulaya 1971, kwa hiyo Ange akawa mkalimani na dereva wake. Walichukua ubingwa 1991.

Baadaye Ange akawa kocha wa klabu, wakawa mabingwa wa Oceania 1999, na Januari 2000 wakaenda Brazil kwenye mashindano ya dunia ya vilabu wakacheza na Manchester United na Vasco da Gama. Klabu ya wahamiaji wa mtaani, fikiria. Walifungwa mechi zote, sio neno.

Halafu wakubwa wa mpira wa Australia wakaamua vilabu vyenye jina na rangi za ugenini vinaleta picha mbaya, wakalazimisha vibadilishe majina, na ligi mpya ilivyoanza 2005 ikaanza na timu mpya kabisa, Hellas na wenzake wakaachwa ligi za chini. Mimi naona walikata mti waliokuwa wamekalia, kwa sababu wachezaji wa taifa walikuwa wanatoka humo humo kwenye vilabu vya Wagiriki, Wakroeshia na Waitaliano. Ange mwenyewe akaipa Australia kombe la Asia 2015, na Tottenham Europa League 2025, kisha wakamfukuza siku chache baadaye, hayo mnayajua.

Watoto wao bado wanaongea Kigiriki?

Wanapungua. Sensa ile ile ya 2021, kati ya wale 420,000 na zaidi, wanaoongea Kigiriki nyumbani ni kama 230,000. Kizazi cha pili wanaongea kile kilichogandishwa, cha kijijini miaka ya 1960 kilichochanganywa na Kiingereza, na vijana waliokuja juzi kutoka Athens wanawacheka. Cha tatu wanaelewa wakitukanwa. Ila shule za jioni na Jumamosi hazijafa, na Kigiriki kinahesabika kama somo kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari wa Victoria, hiyo inasaidia sana maana mtoto anaona kuna maksi. Kiswahili nacho watu wanakipigania kwa njia hiyo hiyo, wazazi mnaosoma hapa mpelekeni mtoto hata kama analia.

Wazee wao nani anawaangalia?

Walijenga vituo vyao, kama Fronditha, ambayo ilianza miaka ya 1970, wahudumu wanaongea Kigiriki, chakula chao, padri anapita. Sababu sio kudeka. Mzee akianza kusahau, lugha aliyojifunza ukubwani inaondoka kwanza, mtu aliyefanya kazi Australia miaka 40 anabaki na Kigiriki tu, na ukimweka sehemu ambayo hakuna anayemwelewa wataandika kwamba ni mkorofi. Wahudumu wengi wa vituo vya wazee huku ni dada zetu na kaka zetu kutoka Afrika, waulizeni watawaambia.

Walibaguliwa au walipokelewa vizuri kwa kuwa ni weupe?

Walibaguliwa, ila mlango ulikuwa wazi kwao na kwetu umefungwa, yote mawili ni kweli. Desemba 1916 walivunjiwa maduka Perth na Kalgoorlie, kisa mfalme wa Ugiriki alikuwa hataki kuingia vitani upande wa Waingereza. Toronto Agosti 1918 ilikuwa mbaya zaidi, wanajeshi waliorudi kutoka vitani na makundi ya watu walivunja migahawa ya Wagiriki siku kadhaa mfululizo wakisema hawa wanakula hela sisi tunakufa. South Omaha, Marekani, Februari 1909, mtaa mzima ulifukuzwa baada ya Mgiriki mmoja kumuua polisi. Leo ukipita Danforth, Toronto, vibao vya mitaa vina herufi za Kigiriki na kuna kibustani kimepewa jina la Aleksanda Mkuu.

Mi niko New York, sio Melbourne.

Basi panda treni nenda Astoria, Queens. Wagiriki waliongezeka pale baada ya Marekani kubadilisha sheria ya uhamiaji 1965. Tembea 31st Street na Ditmars, kanisa la Saint Demetrios lipo, kuna supamaketi ya Titan yenye jibini na zeituni mpaka unachoka. Wengi wamehamia Long Island na Bayside, na Steinway Street sasa ni ya Wamisri na Waarabu wengine, shisha na mikate ya moto, kwa hiyo utakula pande zote.

Kile kikombe cha karatasi cha bluu na nyeupe cha kahawa ya New York kilibuniwa 1963 na bwana Leslie Buck, mhamiaji Myahudi kutoka Czechoslovakia, kampuni yake ilitaka kuwauzia Wagiriki wenye migahawa ya mitaani akaweka nakshi na rangi za bendera yao. Wagiriki wakanunua mzigo.

Na Afrika Mashariki walikuwepo?

Walikuwepo sana. Waliopo Dar, ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja unauita kila siku, ni jina la George Arnautoglu, mfanyabiashara Mgiriki aliyetoa hela za kuujenga. Wagiriki waliingia Tanganyika tangu enzi za Mjerumani kwenye ujenzi wa reli, na baada ya vita vya kwanza mashamba ya Wajerumani yalivyopigwa mnada baadhi wakayanunua, wakawa na mkonge, kahawa kaskazini, tumbaku Iringa. Wengi waliondoka baada ya 1967 mashamba yalivyotaifishwa.

Kongo wako mpaka leo, Lubumbashi wana shule na kanisa, na zamani Kasenga, mto Luapula, wao ndo walikuwa wanashika biashara ya samaki wa Ziwa Mweru wa kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Kenya, seminari ya Waorthodoksi ya Riruta ina jina la Askofu Mkuu Makarios, rais wa kwanza wa Kupro, aliyekuja kubatiza watu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ila waumini wa pale ni Wakenya, Kanisa hilo lilianzishwa na Wakikuyu wenyewe kabla ya hao wageni.

Kuna mada nisiziguse?

Kupro, taratibu. Neno Makedonia, taratibu zaidi, maana Wagiriki wanasema jina hilo ni la eneo lao la kaskazini, na Melbourne ina Wagiriki wengi wa kaskazini na pia Wamakedonia wengi na wanaishi mitaa inayopakana, mwaka 1994 ilifika kwenye maandamano makubwa, na hata baada ya nchi ile kukubali kuitwa Makedonia Kaskazini wapo wasiotaka kusikia. Siasa nyingine zote chokoza tu, wanafurahi.

Niende siku gani?

Tamasha la Lonsdale Street huwa Februari au Machi. Gwaride la uhuru wao ni Jumapili iliyo karibu na Machi 25, watoto wa shule wamevaa sketi nyeupe za askari wa zamani. Januari 6 padri anarusha msalaba baharini na vijana wanauzamia, hiyo bora zaidi ukaione Tarpon Springs, Florida, mji wa wazamia sponji kutoka Kalymnos, ila na Port Melbourne ipo. Siku ya kawaida chukua treni ya Pakenham au Cranbourne, shuka Oakleigh, Jumapili kuanzia saa kumi jioni. Usiende na gari, hautapata parking.